Bluu Ndiyo Inayokula Betri

Jumatatu, 11 Mei 2026

Mvua tangu alfajiri. Wiki ya tatu sasa. Paneli zangu mbili ziko juu ya bati zinaoga tu, hazichaji kitu.

Jana aibu! Banda la video limejaa. Dakika ya sabini na moja, mshambuliaji amebaki yeye na kipa, mguu umeshanyanyuka, mara giza. Betri imekata roho. Watu thelathini na wawili wakainuka kwa pamoja kama wameitwa kusali, wakavuka barabara kwa Mwarandu. Hakuna aliyeniaga.

Mwarandu ana banda kama langu, TV kama yangu, betri kama yangu. Mvua inatunyeshea sote. Yake haizimi. Kwa nini? Nimeuliza kwa wema, kajibu kwa wema, ati ni kujipanga tu. Simpendi mtu anayejibu hivyo.

Tangu transfoma ya mtaa iungue mwezi wa tatu, huku kwetu Junda kila mtu ni betri yake. Transfoma nyingine iko njiani, tunaambiwa. Njia gani, hatuambiwi.

Balaa la pili. Friza ya mke wangu Kafedha inanyonya betri hiyo hiyo. Barafu zake za ukwaju zote zimerudi kuwa maji. Asubuhi kaniita, na hakuwa na hasira. Hapo ndipo nilipoogopa. Kasema Jumamosi ni fainali. Betri ikizima tena kabla kombe halijanyanyuliwa, TV inatoka, meza zinaingia, na banda linakuwa hoteli yake ya wali na maharagwe. Chumba kilijengwa na marehemu babake. Sina pa kubishia. Nikasema sawa, nikaenda kujifungia chooni nifikiri.

Na huko huko chooni, simu mkononi, nikaokolewa! Makala ya wataalamu wa sayansi ya rangi. Wanasema rangi hazili umeme sawasawa kwenye kioo cha kuonyeshea picha. Nukta nyeusi haili kitu, imelala. Bluu ndiyo mlafi kuliko zote. Na jicho la binadamu ni zembe: ukipunguza rangi kwa ujanja, jicho halitambui, na umeme unabaki. Kisha wakaandika, "Hata hivyo, jambo hili ni kweli tu kwa vioo ambavyo…" Bando likaisha.

Si neno. Nimeona ya kutosha. Miaka kumi na minane ya ukarani katika bohari la Changamwe imenifundisha kwamba chenye maana huwa juu ya karatasi. Chini ni sahihi tu.


Jumanne, 12 Mei

Mpango wa kwanza: weusi.

Kama nyeusi haili, basi nionyeshe picha nyeusi. Nimeshinda asubuhi nzima nikichagua filamu. Nimepata moja ya wachimba migodi waliofukiwa na kifusi. Muda wa saa mbili nzima chini ya ardhi. Bora zaidi: katika dakika ya ishirini kurunzi yao inaharibika.

Wateja saba. Wafula, anayeendesha forklifti bandarini na ambaye hajawahi kunong'ona tangu ashuke basi kutoka Bungoma, akauliza kama TV imewashwa. Nikamwambia asikilize mazungumzo, ndiyo yenye utamu. Akasema kama ni redio angebaki kwake. Wawili walilala. Mmoja alikoroma kwa sauti kuliko kifusi.

Betri? Imezima saa ile ile ya kila siku. Nalaumu mawingu.

Jioni kaja shemeji yangu Velma, mdogo wake Kafedha. Ni fundi wa TV Kongowea, ana kibanda chake na kipimo cha umeme anachokivaa shingoni kama daktari. Nikamweleza sayansi ya rangi polepole, kwa vile si kila mtu anaweza kuifuata. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Shemeji, hayo ni ya TV ambazo kila nukta inajiwashia yenyewe. Yako si hiyo. Yako ina taa nyuma, inawaka muda wote. Ukionyesha cheusi ni kama umeshusha pazia dirishani. Taa ndani inawaka vile vile."

Akataka rimoti ateremshe taa hiyo ya nyuma hadi nusu. Nikaikalia. Nikamshukuru, nikamtilia chai. Binti hodari, lakini ni mtu wa kuuza rimoti na nyaya. Nipunguze mwanga, watu waseme Kaingu kafulia? Picha hafifu ni ya watu waliokata tamaa.


Jumatano, 13 Mei

Upelelezi.

Nimevaa kofia ya shemeji mwingine na kuingia kwa Mwarandu wakati wa marudio ya mechi. Mwarandu akanitambua mlangoni, akaniita mzee Kaingu, akaniwekea kiti cha mbele na kikombe cha kahawa. Mpelelezi hapewi kahawa! Nimeinywa kwa chuki.

Nilichokiona: madirisha yote kayafunika kwa vitambaa vyeusi. Ndani joto la tanuri. TV yake ukiikaribia unaona kabisa mwanga kaupunguza, lakini ukikaa kwenye benchi picha inang'aa vizuri kuliko yangu. Ajabu. Nikatazama vile vitambaa, nikatazama TV, nikatazama vitambaa tena.

Nikaelewa! Mwarandu naye kasoma ile makala. Nyeusi haili umeme, na yeye kaitia banda zima. Mwizi wa elimu.

Nimerudi mbio. Nyumbani kitambaa cheusi kilikuwa kimoja tu, sketi ya kwaya ya Kafedha. Ndefu, nzito, pana, kama iliyoshonewa kazi hii. Kuigawa kwa madirisha yote manne haiwezekani, kwa hiyo nimetumia akili kumshinda Mwarandu: nimeipeleka kwenye chanzo. Nikaivisha betri pamoja na inverta, kile kisanduku kinachobadilisha umeme wake uendeshe TV, nikaifunga kiunoni kwa kamba. Ikapendeza.

Baada ya dakika arobaini harufu ya pasi. Inverta imepata joto ikajizima yenyewe. Kwenye sketi kuna alama ya hudhurungi sawa na chapati, mahali pa makalio.

Nimeikunja na kuirudisha sandukuni, alama ndani. Kwaya ni Jumapili. Mengi yanaweza kutokea kabla ya Jumapili.


Alhamisi, 14 Mei

USHINDI.

Nimeachana na weusi. Nimerudi kwenye makala, mstari wa pili: bluu ndiyo mlafi. Kwenye mipangilio ya TV, ndani kabisa, kurasa ambazo mtu wa kawaida hafiki, kuna nyekundu, kijani na bluu, kila moja na namba yake. Nimeiteremsha bluu hadi sifuri. Nimeifukuza!

Mtangazaji wa habari akawa wa manjano kama embe dodo. Kafedha akapita na ndoo, akatazama, akauliza kama huyo dada anaumwa ini. Nikamwambia wataalamu wamesema jicho ni zembe, litazoea. Kafedha akasema lake si zembe, akaenda zake.

Lakini nilizoea! Nilikaa pale dakika ishirini bila kupepesa, na wallahi, mtangazaji akapona. Shati lake likawa jeupe. Nikatoka uani kwa furaha na nikapata mshtuko. Kafedha amekuwa wa bluu! Uso, mikono, kuta, hata kuku. Nikamshika mkono, nikamwambia aache kufua, twende zahanati haraka, damu yake haina hewa. Akasema nikanawe uso. Nikanawa. Alipona naye.

Sasa sikiliza hili. Betri imefika jioni ikiwa na mistari mitatu ya chaji! Mitatu! Haijawahi tangu mvua zianze. Kwa haki, niandike kwamba leo jua limetoka saa tatu asubuhi likawaka hadi saa kumi. Lakini jua hutoka siku nyingi. Bluu imetoka leo tu.

Nimeandika ubao nje kwa chaki: TEKNOLOJIA MPYA. BETRI HAIZIMI. FAINALI JUMAMOSI SAA KUMI NA MOJA JIONI.


Ijumaa, 15 Mei

Mwarandu kasimama mbele ya ubao wangu na mwavuli. Mvua imerudi. Kasoma polepole, midomo ikitembea. Kisha kaniuliza kwa ule wema wake ni teknolojia gani. Watu walikuwepo. Wafula alikuwepo, maana yake Kisauni nzima ilikuwa inasikia.

Nikasema ni ya kwangu, na kama betri yangu itazima kesho kabla ya kombe kunyanyuliwa, nitafunga banda na kwenda kukaa kwenye benchi lake mwezi mzima kama mteja wa kawaida.

Mwarandu akasema hapana haja ya hayo, jirani. Nikasema haja ipo! Watu wakapiga makofi. Nilijisikia mrefu.

Kafedha aliyasikia yote kutoka jikoni. Baadaye nikamwona anaongea na Mwarandu kando ya ukuta, mkono kiunoni. Bila shaka anamtetea mumewe.

Velma naye kaja na kipimo chake. Kapima TV ikiwa na bluu, kapima ikiwa haina. Ati sawasawa, hakuna tofauti hata ya kuwasha taa ya kitanda. Nikamuuliza, basi mistari mitatu ya jana? Akasema jua. Kila kitu kwake ni jua. Akanisihi nimwachie dakika kumi tu, ateremshe taa ya nyuma, afunike madirisha, niende kwenye fainali kwa amani.

Nikamwambia shemeji, heshima yako iko pale pale. Alipotoka nikafunga mipangilio yote kwa namba ya siri ili asije kuivuruga nikiwa msalani. Namba ngumu, isiyoweza kubahatishwa. Sikuiandika popote. Usalama kwanza.


Jumamosi, 16 Mei

Naandika nikiwa nimekaa juu ya benchi tupu.

Wamejaa kuanzia saa kumi. Arobaini na sita! Wengine wametoka Ziwa la Ng'ombe kwa sababu ya ubao. Wafula mbele kabisa na jezi nyeupe ya timu yake, uso kaupaka chokaa. Fainali ni ya Weupe na Wabluu.

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Timu zikaingia uwanjani. Weupe walikuwa wa manjano. Wabluu walikuwa weusi. Na mwamuzi, ambaye ni mweusi kwa mavazi siku zote, akawa mmoja wao.

Wafula akasimama akageuka nyuma. Akauliza:

"Kaingu, boss wangu, timu yangu iko wapi? Hawa ni nani wamevaa manjano?"

Nikasema ndio hao hao. Wavumilie dakika ishirini, jicho litazoea. Mtu wa nyuma akasema tiketi haikuandikwa kuzoea. Mechi ikaanza. Dakika ya nane pasi safi ikampita mwamuzi miguuni na nusu ya banda ikamshangilia kwa kukwepa vizuri. Dakika ya kumi na tano Wafula akaanza kuhesabu kwa sauti. Akapata weusi kumi na wawili. Akahesabu tena. Kumi na wawili! Akapiga kelele kwamba ni wizi, watu wanacheza na mtu wa ziada na hakuna anayesema. Wakahesabu wote. Wakakubaliana naye.

Nikashika rimoti nirudishe bluu. Ikaniomba namba ya siri.

Nikajaribu mwaka niliozaliwa. Sio. Mwaka wa ndoa. Sio. Mwaka wa ndoa kama anavyoukumbuka Kafedha. Sio. TV ikaandika katikati ya uwanja kwamba nimekosea mara nyingi na nisubiri. Maandishi yakakaa juu ya goli. Nyuma ya maandishi hayo mtu akafunga.

Nani? Hapana aliyejua. Wenye jezi nyeupe walikumbatiana, wenye bluu walikumbatiana, kwa dakika nzima wote walikuwa na furaha, na nikiri kwamba ilikuwa dakika nzuri. Kisha ng'ambo ya barabara, kwa Mwarandu, tukasikia wakiimba wimbo wa Wabluu. Wafula akakaa chini kwa uzito. Machozi yakachora mistari kwenye chokaa. Miaka tisa, akasema kwa sauti ya chini, mara ya kwanza katika maisha yake. Miaka tisa nangoja fainali hii, na sijaiona.

Nikampa leso yangu.

Mapumziko wakavuka wote. Mvua ilikuwa ya mawe, walivuka tu. Wafula wa mwisho. Nikabaki na TV yangu. Nikajipa moyo: angalau betri! Friza haikuwa inanguruma, kwa hiyo nina umeme wote peke yangu. Friza haikuwa inanguruma kwa sababu haikuwepo. Nilikwenda jikoni kutazama. Pameachwa mraba safi sakafuni.

Dakika ya themanini na tatu, giza.

Nimevuka. Nilikuwa nimetoa ahadi mbele za watu. Ndani ya lile tanuri la Mwarandu, vitambaa vyeusi madirishani, watu sabini wanatoka jasho, na pale pembeni Kafedha na friza yake, anauza barafu za ukwaju kwa mikono miwili. Joto lote lile! Hakubakiwa na hata moja. Weupe walisawazisha dakika ya tisini, wakachukua kombe kwa penalti. Wafula alinibeba juu kwa furaha kabla hajakumbuka mimi ni nani, akaniweka chini.

Mwarandu akanisogezea nafasi kwenye benchi. Sikuwa na nguvu za kumchukia.


Jumapili, 17 Mei

Kanisani. Kwaya imeingia, sketi nyeusi kumi na tisa na moja ya bluu. Kafedha aliimba akinitazama mimi wakati wote wa wimbo, hata beti za toba. Hasa beti za toba.

Baada ya chakula nikangoja hukumu. Hakupiga kelele. Akakaa karibu nami kizingitini, akanimenyea chungwa. Akasema:

"Sikutaka kukunyang'anya TV, baba. Nilitaka usikie mtu mwingine. Mtu mmoja tu, mara moja tu."

Nikala chungwa. Nikasema nimesikia. Na kweli, wakati ule, nilikuwa nimesikia.

Velma kaja na rafiki yake Phoebe anayeshona mapazia. TV kairudisha kama ilivyotoka kiwandani, namba ya siri ikafutika. Taa ya nyuma kaiteremsha chini ya nusu. Wamefunika madirisha. Akaniwekea kipimo mkononi nisome mwenyewe. Umeme unaolika umeshuka karibu nusu, na picha, nikiwa gizani, ni nzuri tu. Akaeleza kwamba jicho hupima mwanga kwa kulinganisha na ulioko pembeni. Punguza wa pembeni, na kioo hakina haja ya kupiga kelele.

Basi imeamuliwa. Nusu ya banda ni yangu na TV, jioni. Nusu ni ya Kafedha na meza zake, mchana. Friza imerudi. Na Mwarandu kasema ile ahadi ya benchi tuisahau. Nimejifunza mengi wiki hii. Nimekuwa mtu mwingine.


Alhamisi, 21 Mei

Velma kaleta kioo kingine. Familia moja ya Mkomani imehamia ughaibuni ikamwachia. Chembamba kama sinia! Kasema tukitundike dirishani kwa Kafedha kionyeshe vyakula vya siku. Na akaniambia kwa msisitizo, akinishika bega, kwamba hiki ndicho kile cha kwenye makala. Kila nukta inajiwashia. Hapa nyeusi imelala kweli, bluu ni mlafi kweli. Niandike kwa herufi chache za rangi juu ya weusi, basi.

Nikatabasamu. Ananijaribu! Wiki iliyopita rangi hazina kazi, wiki hii zina kazi? Mtu aliyeunguza sketi hachomwi mara mbili. Nimeshafundishwa na nimeshika: pazia na taa, rangi haibadilishi kitu. Nimeandika WALI MAHARAGWE SAMAKI kwa bluu kubwa kwenye weupe wa kuumiza macho, mwanga hadi mwisho, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Unaonekana hadi stendi!

Betri imezima saa sita na robo. Kafedha alikuwa na wateja kumi na mmoja na friza iliyojaa.

Kosa si la kioo. Nimeshalipata. Velma mwenyewe, wakati anaondoka, kalalamika kwamba jua hili la baada ya mvua linachemsha paneli, na paneli ikipata joto inatoa umeme kidogo. Neno lake hilo! Nimepanda juu ya bati kwenda kuzigusa. Moto kweli. Na bila shaka ni moto, maana aliyezitengeneza kazifanya nyeusi. Nyumba za Mkomani zote zina paa jeupe na ndani ni baridi kama friza.

Nimesikia mtu mwingine, kama Kafedha alivyoniomba. Nimenunua rangi nyeupe ya mafuta, kopo moja na brashi pana. Fundi wa duka anasema kopo linatosha paneli zote mbili, na nikipiga mikono miwili haitabanduka miaka kumi. Naanza kesho mapema, kabla hawajaamka.